Zimwi Lililogeuzwa Shujaa: Filamu ya Hannibal na Hasara ya Mwendelezo

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aghalabu methali hii hutumiwa kumliwaza mtu aliyedhulumiwa na nduguye au jirani yake: hata akuumize vipi, anayekujua atakubakishia kitu. Katika sinema ya Marekani lipo zimwi moja ambalo methali hii inalifaa barabara. Jina lake ni Dkt. Hannibal Lecter, tabibu wa maradhi ya akili, msomi, mpenzi wa muziki na mapishi, na mla watu. Katika filamu ya The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, zimwi hilo lilimjua binti mmoja, Clarice Starling, na halikumla. Miaka kumi baadaye, mnamo Februari 2001, lilirudi katika filamu ya Hannibal. Safari hii pia Clarice hakuliwa. Kilicholiwa, tena kikakwisha, ni hadithi yenyewe.

Huenda msomaji akajiuliza filamu ya Wamarekani inatuhusu nini sisi tulio katika idara ya Kiswahili. Jibu langu ni kwamba inatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, filamu ni masimulizi. Ina msuko, ina wahusika, ina taharuki na kinaya, na hayo ndiyo mambo tunayoyahakiki kila siku katika riwaya na tamthilia zetu. Pili, filamu za wauaji wa mfululizo, yaani wale wanaoua mmoja baada ya mwingine kwa mtindo wao maalumu, hutazamwa sana katika vyumba vyetu vya malazi, nazo hutufunza, tutake tusitake, namna ya kuyatazama mauaji. Hilo la pili ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Ninanuia kuonyesha kwamba Hannibal haikutuvunja moyo kwa sababu ya wingi wa damu yake, wala kwa sababu ya kubadilishwa kwa mwigizaji, bali kwa sababu iliwanyima waliouawa utu wao na kumkabidhi muuaji nafasi ya shujaa.

Tuanze na ile ya kwanza. The Silence of the Lambs, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuiita Kimya cha Wanakondoo, ilitokana na riwaya ya Thomas Harris iliyochapishwa mwaka 1988. Iliongozwa na Jonathan Demme, na mswada wake ukaandikwa na Ted Tally. Clarice, anayeigizwa na Jodie Foster, bado ni mwanafunzi katika chuo cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mkuu wake, Jack Crawford, anamtuma akazungumze na Lecter, anayeigizwa na Anthony Hopkins, ambaye amefungiwa katika hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili mjini Baltimore. Huko nje muuaji mwingine, aliyebandikwa jina la Buffalo Bill, anawateka wasichana, anawaua na kuwachuna ngozi. Anapomteka Catherine Martin, bintiye seneta, wapelelezi wanaanza kushindana na saa. Lecter anajua jambo kuhusu muuaji huyo. Lakini hatoi bure: kwa kila fununu anadai kumbukumbu moja ya utotoni mwa Clarice.

Mwaka 1992 filamu hiyo ilitunukiwa tuzo tano kuu za Oscar: ya filamu bora, ya mwongozaji, ya mwigizaji mkuu wa kiume, ya mwigizaji mkuu wa kike, na ya mswada uliotokana na kazi nyingine. Ni filamu mbili tu zilizokuwa zimewahi kuzoa tuzo hizo tano kwa pamoja kabla yake: It Happened One Night ya mwaka 1934 na One Flew Over the Cuckoo's Nest ya mwaka 1975. La ajabu ni kwamba Hopkins, aliyetuzwa kama mwigizaji mkuu, anaonekana kwa muda mfupi tu katika filamu ya karibu saa mbili. Kwa maneno mengine, zimwi lenyewe halionekani sana. Linatajwa, linaogopwa, linangojewa. Watu wanamwonya Clarice asikaribie kioo, asimpe kalamu, asimweleze lolote kumhusu yeye binafsi. Kufikia wakati anapomkuta Lecter amesimama wima katikati ya seli yake, ametulia kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, sisi tumekwisha kutishwa na maneno matupu.

Hapo ndipo ulipo ufundi wa Demme. Wanaume wengi wanaozungumza na Clarice hutazama kamera moja kwa moja, hivyo mtazamaji husimama mahali pa Clarice na kuonja jinsi anavyokaguliwa na kila jicho. Na pale Lecter anapomlazimisha asimulie kisa cha wanakondoo aliowasikia usiku wakilia wakichinjwa katika shamba la jamaa zake, filamu haituonyeshi hata mwanakondoo mmoja. Tunaonyeshwa uso wa msimuliaji na uso wa msikilizaji, basi. Anasema alimbeba mmoja akakimbia naye, akashindwa na uzito wake, asifike mbali. Sisi tuliosomea fasihi simulizi twaelewa vyema: fanani hodari hahitaji kuleta mzoga jukwaani. Neno lake linatosha.

Lakini si ufundi tu. Ipo hoja ya utu, na hoja hiyo katika filamu ile imefumbatwa katika jambo ambalo mwanafunzi wa sarufi atalipenda. Buffalo Bill amemtumbukiza Catherine katika shimo ndani ya nyumba yake, na anapomwamuru ajipake mafuta ya ngozi, hamsemeshi kama mtu. Anatumia kiwakilishi ambacho Waingereza hukitumia kwa vitu. Mtafsiri wa Kiswahili angelazimika kumwondoa msichana yule katika ngeli ya A-WA na kumtupa katika ya KI-VI: si "anajipaka" bali "kinajipaka". Wakati huohuo mama yake, Seneta Ruth Martin, anajitokeza katika televisheni kumsihi mtekaji, na katika rai yake anarudia jina la Catherine tena na tena. Clarice, akitazama, anatambua mara moja kusudi la mama huyo: muuaji akimwona Catherine kuwa mtu, itamwia vigumu kumpasua. Mapambano yote ya filamu yamo humo. Upande mmoja unamvuta binti kuelekea ngeli ya vitu. Upande wa pili unamrudisha kwa jina lake. Na tukumbuke kwamba katika lugha yetu hata mwanakondoo yumo katika A-WA: mwanakondoo analia, wanakondoo wanachinjwa. Clarice anawasikia wanakondoo kama viumbe wenye uhai. Buffalo Bill anawasikia binadamu kama vitu. Sijapata kuona mfano bora zaidi wa upatanisho wa kisarufi ulio pia msimamo wa kimaadili.

Ndiyo maana hata maiti katika filamu ile hazidharauliwi. Katika jimbo la West Virginia, Clarice anapotakiwa kukagua mwili wa msichana uliotolewa mtoni, anawaomba polisi waliojazana chumbani watoke nje, kwa sauti ya upole, akiwaambia kwamba yaliyosalia yatashughulikiwa. Ni mwenendo wa mtu aliyelelewa akajua kwamba maiti ana haki zake. Baadaye anasafiri hadi nyumbani kwa Fredrica Bimmel, mwathiriwa wa kwanza, mjini Belvedere katika jimbo la Ohio, anaingia chumbani mwake, anatazama nguo zake na picha zake. Kesi inafumbuliwa katika chumba kile. Yaani muuaji anapatikana kwa sababu kuna aliyejishughulisha kuyajua maisha ya aliyeuawa.

Ngano zetu zinalijua jambo hili tangu kale. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki husimuliwa kisa cha zimwi linalomeza watu, ng'ombe na hata kijiji kizima. Mwishowe anatokea mtoto au mwanamke jasiri, zimwi linauawa na kupasuliwa, na waliomezwa wanatoka wakiwa hai. Zimwi linatisha, linakoroma, linaimba, na fanani huliigiza kwa mbwembwe nyingi. Lakini mwisho wa ngano si wa zimwi. Ni wa waliomezwa. Catherine anapotolewa katika shimo lile akiwa amemkumbatia mbwa mdogo mweupe, mwana wa ngano anajua kinachotokea: tumbo la zimwi limepasuliwa.

Sasa tuje kwenye mwendelezo. Harris alichapisha riwaya ya Hannibal mwaka 1999. Mtayarishaji Dino De Laurentiis aliichangamkia. Demme alikataa kuiongoza, Tally akakataa kuuandika mswada, na Foster akakataa kuigiza. Kazi ikamwangukia mwongozaji Ridley Scott. Mswada ukapitia mikononi mwa David Mamet na Steven Zaillian. Nafasi ya Clarice akapewa Julianne Moore. Hopkins peke yake ndiye aliyerudi miongoni mwa vigogo wale. Watu walifurika kuitazama: iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani kote, ilhali ile ya kwanza ilikuwa imeingiza takriban dola milioni 270. Kwa mizani ya mfanyabiashara, mwendelezo ulifana. Mizani ya mhakiki ni nyingine.

Katika filamu hii Lecter anaishi huru mjini Florence, Italia, kwa jina la Dkt. Fell, akiwania kazi ya kutunza maktaba ya kale. Inspekta Rinaldo Pazzi anamtambua, na badala ya kumkamata anapanga kumuuza kwa tajiri mmoja Mmarekani, Mason Verger, kwa tamaa ya dola milioni tatu. Verger aliwahi kuwa mgonjwa wa Lecter. Alileweshwa na Lecter kwa dawa hadi akajikata uso kwa mkono wake mwenyewe, na sasa amefuga nguruwe mwitu ili wamle adui yake. Kule Marekani, Clarice ameandamwa na wakubwa wake baada ya msako uliomalizika kwa umwagaji wa damu, na anayemwandama zaidi ni Paul Krendler wa Idara ya Haki. Mwishowe Pazzi anatumbuliwa na kuning'inizwa nje ya Palazzo Vecchio, Verger analiwa na nguruwe wake, naye Krendler anafunguliwa fuvu akiwa hai na kulishwa kipande cha ubongo wake mwenyewe mezani.

Wapo wanaosema filamu hii ilianguka kwa sababu Foster hakuwemo. Sikubaliani nao. Moore ni mwigizaji hodari, na hakuna mwigizaji anayeweza kuujaza mtungi uliotobolewa kitako. Katika filamu ya kwanza Clarice anatafuta, anauliza, anakosea, anaingia gizani peke yake. Katika ya pili, kwa sehemu kubwa, anakaa katika ofisi ya chini ya ardhi akisikiliza kanda na kutazama picha za zamani za Lecter. Wawili hawa, ambao mazungumzo yao ndiyo yaliyokuwa roho ya hadithi, hawaketi uso kwa uso hadi filamu inapokaribia kwisha, na hapo Clarice ameshadungwa dawa za kulevya na kuvalishwa gauni jeusi asilolichagua. Alikuwa mhusika; akafanywa pambo.

Wapo pia wanaolaumu damu. Hilo nalo halitoshi. Filamu ya kwanza haikuwa ya watoto: Lecter anapotoroka mjini Memphis anawaua walinzi wawili kwa ukatili usiosimulika mezani, na uso wa mmoja wao anaugeuza barakoa. Tofauti ni kwamba tunapomwona mlinzi yule ametundikwa juu kama ndege, tunashtuka. Alikuwa mtu wa kazi, amemletea mfungwa chakula chake, hana kosa. Kifo chake kinatuonya dhidi ya haiba ya Lecter, ambayo ilikuwa imeanza kututeka.

Hebu sasa tuwatazame wanaokufa katika Hannibal. Pazzi ni mla rushwa. Verger ni mtu aliyewanajisi watoto, na filamu inahakikisha kwamba tunalijua hilo mapema. Krendler ni mfitini anayemdhalilisha Clarice kwa maneno machafu. Kila anayepelekwa machinjioni amepakwa masizi kwanza ili tusimhurumie. Hiyo ndiyo hila ya mswada, na ndipo ninapoona udhaifu wake mkubwa. Lecter si muuaji tena, amekuwa hakimu. Anawaadhibu wachoyo, wabakaji na wafidhuli, na sisi tulioketi kwenye viti tunamshangilia. Hata namna ya kumwua Pazzi imepambwa kwa historia: mhenga wake, Francesco de' Pazzi, alinyongwa mahali palepale mwaka 1478 baada ya njama dhidi ya ukoo wa Medici kushindwa, na Lecter anaigiza upya adhabu ile kama mhadhiri anayetoa kielelezo darasani. Mauaji yamekuwa maonyesho ya elimu. Hakuna chumba cha Fredrica hapa, wala mama anayerudia jina la mwanawe. Hakuna hata mmoja anayetolewa tumboni mwa zimwi, kwa kuwa waliomo hawatakiwi kutoka.

Mtetezi wa filamu hii ana hoja zake, na ni haki tuzisikilize. Atasema kwamba Scott hakukusudia kutisha kama Demme. Alikusudia tashtiti, mchezo uliotiwa chumvi kama opera, na kwamba mandhari ya Florence yamepigwa picha kwa ustadi mkubwa. Ni kweli. Atasema pia kwamba lawama kubwa ni ya Harris, kwa kuwa riwaya yake ya mwaka 1999 inamalizika Clarice akiwa ameshiriki karamu ile ya ubongo na kuwa mpenzi wa Lecter, ilhali filamu ilikataa mwisho huo: Clarice wa filamu anamfunga Lecter pingu, naye Lecter anaukata mkono wake mwenyewe ili atoroke bila kumjeruhi. Hilo nalo ni kweli, na waandishi wa mswada wanastahili pongezi kwa kumwachia binti yule uadilifu wake. Atasema, hatimaye, kwamba hata filamu ya kwanza haikuwa malaika. Wakati wa tuzo za mwaka 1992 watetezi wa haki za mashoga waliandamana wakipinga jinsi Buffalo Bill alivyosawiriwa. Isitoshe, filamu ile inafungwa kwa mzaha wa Lecter, aliyekwisha kutoroka, anayemdokezea Clarice kwa simu kwamba ana miadi ya chakula na rafiki wa zamani, huku akimtazama Dkt. Chilton, aliyekuwa mlinzi wake, akishuka kwenye ndege. Nasi hucheka. Chilton alikuwa mtu wa kuudhi.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayonithibitishia ninalolisema. Mbegu ya Hannibal ilipandwa katika dakika ile ya mwisho ya filamu ya kwanza. Lakini Demme alijua pa kukomea. Alituacha na kicheko kinachotukwama kooni, tukijiuliza kwa nini tumecheka, akazima taa. Mwendelezo ulikiokota kicheko kile ukakirefusha kwa zaidi ya saa mbili. Chumvi iliyokolea chunguni ni kitoweo. Ukiipakua peke yake kwenye sahani, hailiki.

Nisieleweke vibaya kwamba ninapinga miendelezo. Fasihi yetu inajua kuendeleza hadithi. Muhammed Said Abdulla alimwanzisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, akamrudisha katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa, hadi Kosa la Bwana Msa. Elvis Musiba alimrejesha Willy Gamba mara kadhaa, naye Ben Mtobwa akafanya vivyo hivyo kwa Joram Kiango. Mashabiki wao hawakuchoka. Kwa nini? Kwa sababu kinachoendelea katika kazi hizo ni jicho la mtafutaji. Kila riwaya humletea mpelelezi fumbo jipya, watu wapya, na kifo kinachodai maelezo. Bwana Msa akivuta kiko chake na kuwaza, anawawazia walioumizwa. Mwendelezo wa Hannibal ulifanya kinyume: ulimwacha mtafutaji, ukamfuata mtafutwa.

Na ukishamfuata mtafutwa, huwezi kumwacha na siri yake. Ilikuja Red Dragon mwaka 2002, ambapo Tally alirudi kuandika mswada. Kisha mwaka 2007 ikaja Hannibal Rising, iliyotupeleka Lithuania wakati wa Vita Vikuu vya Pili na kutueleza kwamba Lecter alianza ukatili kwa sababu dada yake mdogo, Mischa, aliliwa na majambazi wenye njaa. Zimwi likapewa cheti cha kuzaliwa na sababu ya kuhurumiwa. Katika filamu ya 1991, mtu anapojaribu kumpima Lecter kwa maswali ya karatasi, yeye humkejeli. Hakubali kuelezwa kama jumla ya yaliyompata. Miaka kumi na sita baadaye, watengenezaji walimjazia karatasi ile kwa niaba yake. Zimwi lililoelezwa lote halitishi tena. Linasikitisha tu, tena kwa makosa, kwani linalia kwa machozi yanayowastahili wengine.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya sinema tu. La. Mnamo Julai 2024 miili ya wanawake, iliyokatwakatwa na kutiwa katika magunia, iliopolewa kutoka timbo lililojaa maji na taka mtaani Kware, jijini Nairobi. Polisi walimkamata mshukiwa na kutangaza kwamba alikuwa amekiri kuwaua wanawake 42. Wakili wake akadai kwamba aliteswa ili akiri. Mwezi uliofuata mshukiwa akatoroka katika seli ya kituo cha polisi. Sisemi kwamba filamu yoyote ilisababisha mauaji yale. Hiyo itakuwa hoja ya mkato. Ninachosema ni kwamba tuyakumbuke mazungumzo yaliyofuata. Tulisimuliana jinsi mshukiwa alivyokamatwa, alivyosema, alivyotoroka. Tuliikariri idadi ile ya 42 kama alama za mchezo. Picha yake ilisambaa katika kila simu. Ni nani miongoni mwetu anayeweza kutaja jina la mwanamke mmoja tu kati ya wale? Nani anajua alikuwa akiuza nini, akiimba nini, amemwacha nani? Tuliipokea habari ile kwa mazoea ya Hannibal, ilhali ilihitaji macho ya Clarice. Ndiyo maana katika makala haya sikulitaja jina la mshukiwa.

Wasomi wa sarufi wamejadili kama tuseme "maiti imeoshwa" au "maiti ameoshwa". Wapo wanaofuata umbo, wapo wanaofuata maana. Sitaki kuwaamulia hapa. Ila ninawaomba wanaofuata umbo wakumbuke kwamba wazee wanaosema "ameoshwa" hawakukosa elimu. Walikataa tu kumtoa mtu katika ngeli ya watu kwa sababu amekufa.

Kwa hiyo, ninawageukia wanachama wenzangu, hasa wanaoandika hadithi fupi na michezo ya kuigiza kwa ajili ya tamasha zetu. Hadithi za mauaji zinapendwa, na hakuna ubaya kuziandika. Lakini unapomwua mhusika katika ukurasa wa tatu, jiulize kama msomaji amejua alichokipenda mhusika huyo. Unapomfanya aliyeuawa kuwa mwovu, jiulize kama hadithi inadai hivyo au ni wewe unayetafuta ruhusa ya kumwaga damu bila kulaumiwa. Na hadhira ikikupigia makofi kwa ajili ya zimwi lako, likikuomba urudi nalo mwakani likiwa na mistari mingi zaidi, fikiri mara mbili. Wahadhiri wetu nao wangetufaa sana iwapo wangeiingiza sinema katika semina za nadharia na uhakiki, tukazisoma filamu hizi mbili bega kwa bega kama tunavyozisoma riwaya. Mwanafunzi atajifunza mengi kuhusu nafsi ya usimulizi kwa kuuliza swali moja tu: kamera imesimama upande wa nani?

Hopkins aliigiza vizuri katika filamu zote mbili, na hilo halina ubishi. Sauti ni ileile, macho ni yaleyale, utulivu ni uleule. Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya shimo. Mwaka 1991 mlikuwa na binti anayelia, mwenye jina, anayengojewa na mamaye. Mwaka 2001 shimo lilikuwa tupu, na fanani hakujali, kwa sababu alikuwa ameshughulika kulipigia zimwi makofi. Ngano ikifika hapo, wasikilizaji wana haki ya kuuliza: na waliomezwa, je?